Kiti cha Nyuma

Dresa Nyamweya, mfunga vidonda wa shamba la chai, aliubonyeza uvimbe ule wa kinenani mara moja tu. Phelix akapiga ukelele ambao Jerusa hakuwahi kuusikia kwa mtoto wake, na dresa akaondoa mkono upesi kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Umeanza lini?"

"Anao tangu azaliwe. Unatoka, unarudi. Nikimlaza chali nikausukuma polepole, unaingia ndani. Leo umekataa."

"Ametapika?"

"Tangu alfajiri. Kwanza uji, sasa maji ya kijani."

Nyamweya alinawa mikono. Chumba chake cha dawa kilikuwa na kwinini, chumvi ya haluli, ayodini na bandeji, na kwa vidonda vya wachuma chai vitu hivyo vilitosha. Alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama Phelix, nikikudanganya nitakuwa nimekuulia mtoto. Hii ni ngiri. Utumbo umetoka ukanaswa hapa, kama kidole kilichobanwa na mlango. Ukikaa hivyo mpaka jioni, unaoza. Mimi sina dawa ya kuurudisha. Unataka kisu, na mwenye kisu ni daktari wa Kericho."

"Kericho nifike na nini?"

"Lori la shamba?"

"Limepeleka chai stesheni ya Lumbwa. Nimeliona likiondoka."

"Mkokoteni wa ng'ombe utafika kesho." Nyamweya alisema hivyo kama anayejisemea mwenyewe. "Bwana wa shamba amesafiri. Lakini memsahib, mkewe, yuko na gari lake dogo. Nenda. Usimpe mtoto chakula, wala maji mengi. Mlowanishe midomo tu."

Jerusa alimbeba Phelix kifuani kama mtoto mchanga, ingawa alikuwa na miaka minne na miguu yake ilimfika mapajani. Jerusa hakulia. Kulia kungempotezea pumzi, na njia ya kwenda nyumba kubwa ilikuwa ya kupanda.

Mke wa mfanyakazi hakuruhusiwa kupita waya uliozunguka bustani ya nyumba kubwa. Jerusa aliupita akaenda mpaka mlango wa jikoni. Mpishi alikuwa Kepher, mtu wa kwao Karachuonyo. Alipomwona alitazama nyuma kabla ya kumsalimu.

"Mama Phelix! Unataka nifukuzwe?"

"Mtoto anakufa, Kepher. Mwambie memsahib dresa amesema ni kisu, leo hii, Kericho. Mwambie naomba gari."

Kepher aliingia. Jerusa alisikia sauti ya mwanamke, kisha ya Kepher ikinyenyekea, kisha ya mwanamke tena, fupi. Mpishi alirudi na chupa mkononi.

"Anasema mpe vijiko viwili vya mafuta haya, tumbo litafunguka. Anasema watoto wenu wanakula mahindi mabichi."

"Umemwambia neno la kisu?"

"Nimemwambia. Amesema dresa si daktari."

"Na gari?"

Kepher alitazama vidole vya miguu yake. "Amesema si gari la wagonjwa. Mtoto atatapika kwenye viti. Lakini amesema pole sana. Hilo amelisema kwa moyo, mimi nimemwona."

Jerusa aliipokea chupa akasema asante, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na memsahib angeweza kusikia. Alipofika kwenye waya aliimimina yote kwenye shina la waridi. Mafuta ya mbarika kwa mtoto aliyezibwa tumbo! Hata mama wa kijijini asiyejua kusoma angejua kwamba husukumi maji kwenye mfereji ulioziba. Chupa yenyewe hakuitupa. Chupa ni chupa.

Joab, mumewe, alikuwa kwenye kibanda cha hatamu, amekaa juu ya rundo la kamba za ng'ombe wa mikokoteni. Alisimama alipoona jinsi mtoto alivyobebwa. Jerusa alimweleza kwa maneno machache, kisha akamwambia kilichobaki.

"Imebaki pikipiki ya Ephantus."

Joab aligeukia kamba zake.

"Umenisikia, Baba Phelix?"

"Nimesikia. Kwa yule sitakubalika."

"Basi usikubalike. Mimi naenda kuomba. Wewe njoo na nyundo."

Jambo lao na Ephantus lilikuwa bado bichi. Ephantus alikuwa na duka Litein, na mwaka ule wa shida, Wazungu walipouza vitu na kurudi kwao, alinunua pikipiki kuukuu kwa mmoja wao. Ilikuwa na kiti kimoja. Ephantus akataka cha pili nyuma, cha kubebea abiria wa kulipa. Watu walimcheka: nani mwenye akili atalipa akae nyuma ya mtu kama kuku kwenye tenga? Lakini Ephantus hakuwa mtu wa kuogopa kicheko. Alimtafuta Joab, fundi wa ngozi pekee aliyemjua.

Joab alikijenga kiti kwa bidii yake yote. Alichonga fremu ya mti mgumu. Akaondoa madigadi ya nyuma, lile bati la kufunika gurudumu, ili kiti kikae chini na abiria asiogope kuanguka. Akapiga vyuma viwili imara vya kukanyagia. Kisha akasuka kikalio kwa kamba za ngozi mbichi, kama baba yake alivyosuka vitanda na vigoda kule kwao ziwani. Kule unazilowesha kamba, unazisuka zikiwa laini, unaziacha juani, nazo zikikauka zinajikaza zenyewe kuliko msumari. Ukigonga, zinalia kama ngoma. Lakini kule kuna jua. Huku kwenye chai mvua hunyesha karibu kila alasiri, na ngozi mbichi ikilowa hurudi kuwa ile ya siku iliyochunwa. Joab alijua hilo. Kamba za ng'ombe alizipaka mafuta ya kondoo kila juma. Kiti hakukipaka, kwa sababu Ephantus alimwambia abiria wake watakuwa watu wa nguo safi, na mafuta yangewachafua. Mwili wa Joab ulikuwa umehamia Kericho, mikono yake ilikuwa bado inaishi ziwani.

Wa kwanza kukikalia alikuwa Nyaguthii, mke wa Ephantus, siku ya Jumapili, katika gauni jeupe. Kwenda kanisani kiti kilikuwa kigumu kama chuma. Kurudi, mvua ikawakuta. Kiti kikabonyea, gurudumu likashika gauni, likalipasua mpaka kiunoni mbele ya waumini wote. Ephantus alikuja kwenye laini, safu za nyumba za wafanyakazi, kulalamika, na Joab, mbele ya majirani, akamwambia, "Kiti nilimtengenezea mtu. Sikutengenezea gunia la viazi."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jerusa naye alicheka. Na maneno ya namna hiyo hayakosi wa kuyafikisha.

Nyaguthii alikuwa nyuma ya kaunta akipima chumvi. Aliwaona wakija, akaendelea kupima. Aliifunga karatasi ya chumvi vizuri, akampa mteja, akamngoja atoke.

"Leo mmekuja kununua viazi?"

"Mama Mureithi," Jerusa alisema, "mtoto wangu anakufa."

Alifunua shuka. Nyaguthii alitazama uvimbe, akatazama uso wa Phelix uliokuwa umebadilika kuwa rangi ya majivu. Akaweka mizani chini.

"Ngai! Nini hii?"

Jerusa alimweleza. Mlangoni walikuwa wamesimama watu wawili watatu waliofuata kilio cha mtoto, na wote walijua habari ya gauni. Nyaguthii aliwatazama, kisha akamtazama Joab, aliyekuwa amesimama nje ya kizingiti na nyundo yake.

"Yeye hana mdomo leo? Siku ile alikuwa nao."

Joab alishusha nyundo. "Mama Mureithi, nilikosa."

"Sisikii. Na hawa walioko nyuma yako hawasikii."

Joab aligeuka nusu. Shingo yake ilikuwa imesimama mishipa. "Nilikosa," alisema kwa sauti. "Kiti kilikuwa kibaya. Mama Mureithi hakuwa na kosa, wala uzito wake haukuwa na kosa. Kazi yangu ndiyo mbaya."

Hakuna aliyecheka. Nyaguthii alimtazama kama mtu aliyepewa chakula alichokitamani akakuta hana njaa.

"Baba Mureithi!" aliita. "Toa pikipiki."

Ephantus alitoka uani akijifuta grisi. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mtoto namwonea huruma. Lakini mtakaa wapi? Kiti ni kile kile. Nilimwambia fundi akirudie, akanitukania mke. Nimekiacha hapo kiwe ushahidi."

"Tutakaa hicho hicho," Jerusa alisema.

"Na mvua?"

Wote walitazama juu. Anga lilikuwa jeupe bado, lakini kule upande wa Kericho wingu lilikuwa limekwisha kukaa juu ya vilima.

"Nisikilizeni." Ephantus alishusha sauti. "Mtu mweusi mwenye pikipiki, polisi wanamtafutia neno tu. Mama na mtoto wakifa kwenye gurudumu langu, mimi ni wa jela, na duka hili litapigwa mnada. Nitakubeba. Lakini kiti kikibonyea, nasimama hapo hapo. Hapo hapo, Mama Phelix. Utateremka ungoje mkokoteni. Umekubali?"

"Nimekubali."

Joab alikuwa amekwisha piga magoti. Aligonga kamba kwa kidole, zikalia vizuri, zilikuwa kavu. Nyaguthii alimletea kopo la mafuta ya ng'ombe bila kuombwa. Joab akayapaka juu na chini, lakini alijua, na mkewe alijua kwa kumtazama tu, kwamba mafuta yanataka siku kadhaa kuingia. Akaomba ubao. Duka zima halikuwa na ubao ila wa sanduku la chai, mwembamba kama biskuti. Akaupigilia kwenye fremu.

"Ubao utanibeba mpaka wapi?" Jerusa aliuliza.

"Ukikaa katikati..."

"Nimeuliza mpaka wapi."

Joab hakuinua macho. "Pasipo na mashimo, utafika. Acha niende mimi na mtoto. Ikiwa ni kuanguka, nianguke mimi."

"Wewe ni mzito kuliko mimi mara mbili. Na nyapara amekupa ruhusa ya kufika dukani tu. Usipoonekana baada ya chakula utaandikwa mtoro." Alimkabidhi mtoto, akapandisha gauni, akapitisha mguu upande wa pili na kukaa kama mwanamume, mapaja nje, mbele ya Litein nzima. "Nipe. Usimkunje miguu."

Walimfunga Phelix kwa shuka kati ya kifua cha mama na mgongo wa Ephantus, amelazwa ubavu, miguu ikining'inia huru. Joab alikaza fundo, akalifungua, akalikaza tena. Nyaguthii akamwondoa mkono.

"Inatosha. Waache waende."

Mwanzoni ilikuwa kelele tu na upepo. Wachuma chai waliinua vichwa kutoka kwenye mashamba, na wanawake wa Kikipsigis wakapiga vigelegele vya kejeli walipoona miguu ya mwanamke ikiwa imetandazwa pande mbili. "Mama, farasi yako inakula majani?" mmoja alipaza sauti, na wengine wakaangua kicheko. Jerusa hakuwa na mkono wa kuvutia gauni. Mmoja ulikuwa umemkumbatia mtoto, wa pili umeshika mkanda wa koti la Ephantus.

Ubao ulipasuka kwenye mtelemko wa kwanza. Aliusikia ukilia chini yake, kisha vipande vikachomoka na kuangukia njiani. Ephantus hakusikia, injini ilikuwa inanguruma. Kamba zilibaki, ngumu, nzuri. Jerusa alianza kufikiri huenda Mungu ameamua kuwaonea huruma.

Mvua iliwakuta kabla ya daraja la Chemosit. Haikuanza kwa matone. Ilikuja kama mtu aliyemwaga ndoo, na barabara nyekundu ikageuka ugali. Ephantus alipunguza mwendo.

"Kiti vipi?" alipiga kelele.

"Kizuri!"

Na kilikuwa kizuri wakati ule. Kisha akahisi kamba moja ikiregea chini ya paja la kushoto, polepole, kama mtu anayeachia mkono wako katika usingizi. Kisha nyingine. Akaanza kuzama. Kitu kikamgusa kwa chini, kikamlamba. Kikamgusa tena, safari hii kikauma. Lilikuwa gurudumu.

Jerusa alikanyaga vyuma viwili alivyopiga mumewe, akajiinua. Vyuma havikutikisika. Kwa hilo alimshukuru Joab moyoni, kwa mara ya kwanza siku ile. Akakaa hivyo, hakuketi wala hakusimama, magoti yamekunjwa, uzito wake wote na wa mtoto ukiwa kwenye mapaja na kwenye mkono ulioshika mkanda. Mwanamke wa ziwani hubeba mtungi wa maji kichwani akipanda mlima, akafika bila kumwaga. Lakini mtungi haurukirukii mashimo.

"Mbona unanivuta hivyo?" Ephantus alilalamika. "Utanikata tumbo!"

"Naogopa!"

"Nyinyi watu wa samaki, chombo cha nchi kavu kinawashinda!" Alicheka. Jerusa alimwacha acheke.

Kila shimo lilimshusha. Kila aliposhuka, gurudumu lilimchukua ngozi nyuma ya paja, hapo hapo, mahali pamoja. Alishika pindo la shuka kwa meno. Angeweza kusema neno moja tu na pikipiki ingesimama, naye angeteremka akae kwenye nyasi katika mvua, na jioni mkokoteni ungewakuta, na mtoto angekuwa amekwisha. Alilitazama neno lile kama mtu anavyotazama maji akiwa na kiu, akaliacha lipite.

Jambo baya zaidi lilikuwa kwamba Phelix alikuwa ameacha kulia.

"Phelix. Nyathina, mwanangu. Uko?"

Hakujibu.

"Phelix! Unataka nini tukifika? Niambie."

Midomo ilisogea. Aliinamisha sikio mpaka mgongo ukamlia.

"Maji."

"Utapata. Utapata maji, utapata na sukari ndani yake. Sema tena."

"Maji."

Walikwenda hivyo, yeye akimuuliza na mtoto akimjibu neno hilo moja, mpaka mapaja yakaanza kutetemeka yenyewe bila amri yake, mpaka akaona paa za mabati za Kericho kupitia mvua na hakuamini kuwa ni paa.

Mtumishi wa hospitali ya Waafrika alimfungua mtoto. Jerusa mwenyewe alishindwa kufungua vidole vilivyoshika mkanda. Ephantus alivifungua kimoja kimoja. Daktari alikuja, Mzungu mfupi mwenye mikono mikubwa, akagusa, akasema neno moja kwa mtumishi, nao wakatoweka na Phelix nyuma ya mlango uliopakwa chokaa.

Jerusa alijifunga shuka lililolowa kiunoni, likafunika kilichokuwa nyuma. Damu haikuonekana kwenye nguo iliyokwisha kuwa nyekundu kwa matope. Watu walimwambia akae kwenye benchi. Akasema atasimama. Ephantus aliona ni hofu ya mama, naye akachuchumaa ukutani, akitetemeka kwa baridi, akijaribu kuvuta tumbaku yenye unyevu iliyokataa kuwaka.

Mvua iliacha. Mlango ulifunguliwa. Daktari alitoka akijifuta shingo, akasema maneno mengi, na mtumishi akayapunguza.

"Anasema utumbo ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Ameuweka kwenye kitambaa cha maji ya moto, akangoja, ukarudi rangi. Ameuingiza ndani na kushona. Kama homa haitampata, ataishi."

"Kama," Jerusa alisema.

"Ndiyo, mama. Kama."

Walimruhusu kumtazama kutoka mlangoni. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Hicho ndicho alichopewa, akakichukua.

Aliporudi nje, Ephantus alikuwa mtu mwingine. Alikuwa akiifuta pikipiki kwa majani, hajafika kwenye kiti kilichofunikwa na matope, akipiga mluzi.

"Mama Phelix, mumeo anahitaji kuombwa msamaha! Mvua yote ile, na kiti kimestahimili! Kumbe mafuta yalitosha. Nikifika nyumbani nitamwambia Nyaguthii, yale ya gauni tuyazike. Na kuna Bosire wa Sotik, amenunua pikipiki kama yangu. Na Mhindi wa duka la nguo anataka. Nitawaambia wote, fundi ni Joab. Aache kufuata mikia ya ng'ombe wa Mzungu, afungue kibanda chake Litein."

Jerusa alisikiliza. Kwa muda mrefu Joab alikuwa akizungumzia kibanda hicho: mlango utakuwa wapi, ngozi zitaanikwa wapi. Kumbe kilikuwa kinakuja, na kinakuja kwa mdomo wa Ephantus mwenyewe. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na alikuwa amekwisha kunyamaza njia nzima.

"Nimepata na abiria wa kurudi naye," Ephantus aliongeza kwa fahari. "Anakwenda mpaka Sotik. Njoo, mama!"

Mwanamke aliyekuja alikuwa kijana, Mkisii, jina lake Bonareri. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, aliyezaliwa hospitalini hapo juma lile lile. Alikitazama kiti kwa woga na furaha, kama mtu anayeingia kanisani siku ya harusi yake. Akaweka mguu kwenye chuma.

"Usipande," Jerusa alisema.

Wote wawili waligeuka.

"Kiti hakikunibeba. Kilioza njiani kabla ya Chemosit. Nimejibeba mwenyewe."

Ephantus alicheka kidogo, akangoja na yeye acheke. Jerusa aligeuka, akainua shuka na gauni nyuma, pale pale uani, mbele ya mwanamume asiye mumewe na wagonjwa waliokaa kwenye jua. Bonareri alishika mdomo.

"Nilikuuliza," Ephantus alisema. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nilikuuliza, ukasema kizuri."

"Kilikuwa kizuri uliponiuliza. Kilipoharibika hukuuliza tena, nami sikusema. Ningesema, ungesimama."

"Ndiyo, ningesimama! Ungekufa, je? Ungemezwa na gurudumu, wewe na mtoto wako, na mimi ningenyongwa kwa ajili yenu!"

"Ndiyo."

"Unasema ndiyo tu?"

"Niseme nini? Ulikuwa na haki ya kusimama. Mimi nilikuwa na mtoto."

Ephantus aliingiza mkono chini ya kiti. Ulitoka na kamba iliyokatika, nyeupe, laini kama utumbo wa mbuzi, na kipande cha gauni kimejiviringisha humo. Alikitazama kwa muda. Kisha akachomoa kisu, akakata, akang'oa kiti kizima na fremu yake, akakitupa ukutani kwa nguvu zote.

"Litein nzima itajua."

"Ijue."

"Na Sotik. Mumeo hatasuka hata kigoda. Mwambie asikanyage dukani kwangu."

Alipiga teke injini, akaondoka peke yake, matope yakiruka nyuma ya gurudumu lililokuwa wazi. Bonareri alibaki amesimama na kifurushi chake, akitazama moshi. Kisha alimgeukia Jerusa kwa hasira.

"Sasa mimi nitafikaje Sotik?"

"Kwa miguu," Jerusa alisema. "Lakini utafika."

Mwanamke yule alisonya, akaenda kukaa mbali naye.

Joab alifika asubuhi, matope mpaka magotini. Alimkuta mkewe amelala kifudifudi kwenye mkeka nje ya wodi, bandeji kutoka goti mpaka kiunoni. Hakuuliza kwanza. Alimtazama usoni, akijaribu kusoma.

"Yuko hai," Jerusa alisema. "Homa imekuja jioni ikapungua. Wanasema leo ndiyo siku."

Joab aliketi chini kama mtu aliyekatwa miguu. Alifunika uso, mabega yakatikisika, na Jerusa akamwacha amalize.

"Ephantus nilikutana naye njiani jana jioni," alisema baadaye. "Hakusimama. Lakini ameniambia yote kwa kelele, akipita. Nimeona aibu mbele ya ng'ombe waliokuwa wakilishwa." Alinyoosha mkono kuelekea bandeji, akaurudisha kabla haujagusa. "Inauma?"

"Inauma."

"Ungenyamaza juu ya kiti, Mama Phelix. Mtoto alikuwa amekwisha kufika. Ningekirudia kimyakimya, ningekipaka mafuta, ningekisuka kwa ngozi iliyopikwa, isiyoogopa maji."

"Yule mwanamke alikuwa anapanda jana, Baba Phelix. Hakuwa anapanda mwezi ujao."

Joab alikitazama kile kiti kilichokuwa kimelala kando ya ukuta, mbwa mmoja akitafuna ngozi yake. Hakumfukuza mbwa.

"Umeomba ruhusa ya kuja?" Jerusa aliuliza.

"Nani angenipa?"

"Kwa hiyo umeandikwa mtoro."

"Tangu jana mchana. Nikirudi ni kesi, au kufukuzwa, au yote mawili. Nyumba watataka tutoke." Aliongea taratibu kama anayehesabu mizigo ambayo hawezi kuibeba. "Kazi hakuna. Kibanda hakuna. Jina hakuna. Tutakula nini, Mama Phelix?"

Ndani, mtoto alikohoa. Wote wawili walishika pumzi. Kisha sauti nyembamba, iliyokauka, ikaita, na safari hii haikutaka maji. Ilisema ina njaa.

Jerusa alijisukuma kwa viganja mpaka akapiga magoti, akaumia, akangoja maumivu yapite.

"Yeye ameruhusiwa uji mwepesi, vijiko vichache. Nenda sokoni ukatafute unga wa wimbi. Usipewe wa mahindi. Na usikawie."

Joab aliinuka akaenda.